Drosera Hufa kwa Shibe

Wilaya ya Rubavu, Rwanda, imezoea kulisha watu. Karoti, vitunguu na viazi vinavyopita Petite Barrière, kivuko cha mpaka na Kongo, kila asubuhi, kichwani mwa akina mama wanaovuka kuingia Goma, vimetoka katika mashamba yaliyo chini ya volkano, na watu wa huku wanakijua kilimo kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo maana mtu akiweka kopo la drosera barazani hakosi washauri. Jirani mmoja anamwambia aweke samadi. Wa pili anamwambia maji ya ziwa ndiyo yenye nguvu. Wa tatu anapita na kuangushia mmea panzi mzima. Wote wana nia njema, na mmea unakufa.

Drosera ni jamii ya mimea midogo, spishi zaidi ya 200, ambayo majani yake yamefunikwa na vinywele vyenye tone la ute kwenye kila ncha. Mdudu akitua ananasa, vinywele vya jirani vinamwinamia, na jani linamyeyusha polepole. Inayofugwa zaidi majumbani ni Drosera capensis, asili yake Rasi ya Afrika Kusini. Katika ukanda wetu inayojulikana zaidi ni Drosera madagascariensis, ambayo licha ya jina lake inamea pia huku bara, hadi kando ya Ziwa Nabugabo karibu na Masaka, Uganda. Yanayosemwa juu ya mimea hii nitayajibu moja moja, na nitakaa zaidi pale ambapo ushauri mbaya unaua.

“Mmea unaokula nyama haufai nyumba yenye watoto”

Ute wa drosera hauwezi kumshika mtoto wala kumwumiza kidole. Akigusa jani atabaki na unyevu wa kunata unaotoka kwa maji. Anayeumia ni mmea, kwa kuwa kinywele kilichoguswaguswa hupoteza tone lake. La kweli ni hili tu: majani ya spishi kadhaa yana kemikali kali kama plumbagini, kwa hiyo si mboga na mtoto asiachwe ayatafune. Hayo tungeyasema pia juu ya maua mengi tuliyopanda uani bila kuyaogopa.

“Weka moja dirishani, mbu watakwisha”

Hili linaudhi kuliko la kwanza, kwa sababu linaweza kumfanya mtu alegee na chandarua chake. Drosera hunasa visubi, vijinzi vidogo vinavyoruka juu ya udongo wenye unyevu, na mara mojamoja mbu. Mbu, hata hivyo, humtafuta mtu kwa harufu na pumzi yake. Jani la drosera halimvuti kwa namna hiyo. Makopo kumi hayatapunguza malaria ndani ya nyumba.

Kuna pia la kujihadhari nalo. Drosera husimamishwa ndani ya kisahani chenye maji wakati wote, na maji yaliyotuama ndimo mbu anamotagia. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au mbili kwa joto letu. Mwaga maji ya kisahani kila wiki, kisugue, ukijaze upya. Asiyefanya hivyo anafuga mbu huku akidhani anawawinda.

“Udongo wa volkano huotesha chochote”

Hapa ndipo drosera nyingi zinapomalizikia, na kosa linaeleweka. Udongo wetu ni mnono kweli. Lava ya Nyiragongo, volkano ya jirani, ina silika kidogo sana, ndiyo maana hutiririka upesi kama Goma ilivyoona tarehe 17 Januari 2002 na tena 22 Mei 2021. Na ina wingi wa potasiamu, sodiamu na kalsiamu. Ikichakaa kwa miaka mingi huyaachia madini hayo, na kiazi hushukuru.

Drosera imetoka upande mwingine kabisa wa maisha ya mimea. Makao yake ni vinamasi na mchanga uliooshwa na mvua hadi ukabaki mtupu, mahali ambapo nitrojeni na fosforasi ni haba mno hata nyasi zenyewe zinakonda. Huko mzizi hauna cha kutafuta. Basi kazi ya kujipatia virutubisho imehamia kwenye jani, na mizizi imebaki ya kushikilia na kunywa maji. Ukiiweka mizizi hiyo katika udongo wa Rubavu, chumvichumvi za udongo zinaiunguza. Na hata mmea ukivumilia kwa muda, mwani na nyasi vinavyopenda unono vitaufunika. Punje chache za mbolea ya NPK 17-17-17, ile ya viazi, zinatosha kuua kopo zima. Samadi ni vivyo hivyo. Hakuna “kidogo tu” hapa.

Utumie nini basi? Watu hutaja nyiramugengeri, ile mboji nyeusi ya vinamasini, na si wazo baya, ila linahitaji uangalifu. Rwanda inayo ya kutosha hata imechomwa kutoa umeme, Gishoma kule Rusizi na katika mtambo mkubwa zaidi wa Gisagara. Lakini sehemu kubwa ya nyiramugengeri ya mabondeni imetokana na mafunjo na ndago, ambayo hubeba madini zaidi kuliko ile inayotokana na sfagnamu, majani laini ya kinamasi ambayo wakulima wa Ulaya huyategemea. Kwa hiyo ipime. Loweka konzi moja katika maji ya mvua usiku kucha, kisha chovya kile kipimo cha chumvichumvi chenye umbo la kalamu. Ikiwa kipimo cha maji kimepanda sana juu ya kilivyokuwa, ioshe tena na tena, na kama hakishuki, iache. Makumbi ya nazi kutoka pwani nayo huja na chumvi ya bahari, hivyo yanahitaji kulowekwa na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutumika.

Changanya nusu kwa nusu na mchanga mweupe wa kwatzi uliooshwa hadi maji yatoke safi. Ukitaka kujua kama mchanga una chokaa, udondoshee siki. Ukitoa povu, tafuta mwingine. Kokoto nyeusi za makoro, mawe ya volkano ambayo kila mtu hapa anayo nyuma ya nyumba, siziweki ndani ya mchanganyiko, kwa sababu zinaendelea kuachia madini kila zinapolowa. Chungu cha mfinyanzi kisichopakwa kitu nacho hukusanya chumvi kwenye kuta zake. Kopo la plastiki gumu au bakuli la kauri lenye tundu chini linafaa zaidi.

“Maji ni maji”

Maji ya Ziwa Kivu hayafai hata kwa siku moja ya dharura. Chemchemi zinazoingia chini ya ziwa hili hubeba madini ya volkano, na hata maji ya juu, yale ambayo watoto wanaogelea ufukweni Gisenyi, mji wa Rubavu, yana zaidi ya gramu moja ya chumvichumvi kwa lita na yameelekea ualkali. Kipimo ambacho wafugaji wa drosera hujiwekea ni chini ya miligramu 50 kwa lita. Tofauti hiyo ni mara ishirini na zaidi, na hakuna mmea wa kinamasi utakaoizoea.

Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, chumvi hubaki. Maji ya chupa yanayouzwa kwa kusifiwa madini yake ndiyo hasa usiyoyataka. Maji ya bomba yanategemea chanzo chake na msimu, na hilo kalamu ile ile itakujibu kwa sekunde chache. Usikubali jibu la mtu mwingine aliye mtaa mwingine. Kuna wanaonunua maji ya betri kwenye gereji. Yakiwa ni maji yaliyokenekwa, ni safi na yanafaa. Lakini kwa jina hilohilo huuzwa pia asidi ya kujazia betri, ambayo itakuchoma wewe kabla ya kuuchoma mmea, kwa hiyo soma chupa, na ukiwa na shaka usinunue.

Mvua tunayo. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja, na mvua moja ya Aprili hujaza bidoni (madumu) kadhaa. Acha dakika za mwanzo zipite, kwa sababu zinaosha vumbi, kinyesi cha ndege na zinki ya bati jipya. Kisha kinga, funika, weka kivulini. Bidoni mbili tatu za itumba, yaani masika, zitavusha makopo machache hadi mwisho wa kiangazi.

Hapo huja hoja inayostahili heshima: mvua ya huku si chafu kwa moshi wa Nyiragongo? Moshi ule una gesi ya salfa na floridi, na mvua inayopita ndani yake hugeuka asidi. Upepo huupeleka zaidi magharibi, upande wa Rusayo na Sake nchini Kongo, na huko floridi katika maji ya mvua ni tatizo la kweli kwa watu wanaoyanywa. Drosera ni mmea wa maji yenye asidi, hivyo ukali mdogo hauusumbui. Siku ambayo moshi umeelekea kwetu na majivu yanaonekana juu ya majani ya migomba, usikinge. Siku nyingine zote kinga.

“Usipoilisha nyama itakufa”

Jani la drosera ni la kijani, au jekundu lenye kijani ndani, kwa sababu linafanya usanisinuru kama la mhindi. Jua ndilo linaloipa nguvu. Mdudu anaipa nitrojeni na fosforasi. Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya mimea inayokula wadudu mwaka 1875, akiwa ameanza kuichunguza drosera miaka kumi na mitano nyuma. Alionyesha kuwa vinywele hujipinda kwa kitu chenye nitrojeni na kwa kitu kinachogusagusa, lakini tone la mvua linalodondoka haviliitikii. Kilichobaki kujulikana ni kama mmea unafaidika kweli. Mwanawe Francis, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1878, aligawa mimea katika makundi mawili, moja akilipa vipande vidogo vya nyama na jingine akilinyima. Lile lililonyimwa liliishi. Lile lililolishwa lilitoa maua na mbegu nyingi zaidi kwa mbali.

Kwa hiyo ukiweka drosera barazani Gisenyi, mahali visubi hupita, itajilisha yenyewe. Anayeifuga ndani penye wadudu haba anaweza kuweka unga mkavu wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, usio na chumvi, uliolowa kidogo, kiasi cha kichwa cha sindano, juu ya jani moja au mawili. Nyama ya kipande huoza kabla jani halijaimaliza, ukungu unaingia, na jani linageuka jeusi. Panzi ni vilevile: jani haliwezi kumzunguka. Jani moja kuwa jeusi si msiba, kwani majani ya zamani hufa kila mara yakipisha mapya. Tazama katikati ya mmea. Pakichipua, mmea ni mzima.

“Inataka nyumba ya kioo, na friji wakati wa baridi”

Ushauri huu umetoka kwenye vitabu vya Ulaya, na kule una maana. Drosera rotundifolia ya kaskazini hujikunja kuwa kifundo na kulala majira ya baridi, na bila usingizi huo hudhoofika. Hapa, nyuzi 1 na dakika 42 kusini mwa ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima na theluji hatuijui. Basi usiagize ile. Chukua spishi zisizolala: Drosera capensis, Drosera spatulata, Drosera aliciae. Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, mchana wenye joto la wastani na usiku wenye ubaridi kidogo, na capensis haiombi zaidi ya hapo. Mtu wa Mombasa ana kazi ngumu kuliko sisi.

Vitabu hivyohivyo husema uweke mmea kwenye dirisha la kusini. Kwetu jua hupita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, na dirisha la kusini linabaki na kivuli nusu ya mwaka. Chagua ukuta unaotazama mashariki au magharibi, au sehemu ya wazi inayopata jua la asubuhi. Mmea wenye mwanga wa kutosha huwa na wekundu na matone yanayong'aa; uliofichwa hurefuka, hubaki kijani kibichi na ute unakauka. Kuufungia ndani ya chupa kwenye kona ya sebule ni kuunyima mwanga na hewa, kisha ukungu ukiingia tunasema mmea ni mgumu.

“Mbegu lazima ziagizwe”

Hili ndilo ninalotamani kila mtu aliache, kwa sababu mmea mmoja wa capensis unatosha mtaa. Chagua jani lenye afya, si la zamani wala linalochipuka, ulivute kwa upole kuelekea chini hadi litoke pamoja na kitako chake cheupe. Lilaze juu ya mchanganyiko uliolowa, vinywele vikitazama juu, ulibonyeze kidogo liguse udongo kote. Au lielee tu ndani ya chupa ya jemu yenye maji ya mvua, mahali penye mwanga lakini si jua kali. Baada ya wiki tatu hadi nane utaona vidoa vya kijani juu ya jani, kisha vijimajani vyenye vinywele vyao tayari. Jani lenyewe linaoza, vichipukizi vinabaki. Vikipata mizizi, vihamishe.

Mzizi nao ni mbegu. Capensis ina mizizi minene myeusi. Kata kipande cha sentimita mbili au tatu, kilaze, kifunike kwa tabaka jembamba, na usubiri. Mmea uliokauka juu kwa kusahauliwa unaweza kuchipua tena kutoka chini ukilowa, kwa hiyo usiutupe upesi.

Mbegu zenyewe hazina siri. Capensis hujichavusha bila msaada. Kila siku yenye jua ua moja hufunguka kwenye kikonyo na kufunga jioni, na vikonyo vikikauka vinatoa mamia ya mbegu nyembamba kama vumbi jeusi. Zikusanye katika bahasha ya karatasi. Zinyunyize juu ya udongo bila kuzifunika, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili zichipue; mbegu mbichi za capensis huota kwa wiki tatu hadi sita.

Maelekezo mengi ya nje husema ufunike miche kwa mfuko wa plastiki wenye kufungwa. Rwanda iliipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na kila anayevuka Petite Barrière anajua jinsi mizigo inavyopekuliwa kwa ajili hiyo. Hakuna kinachopotea. Chupa ya kioo ya mayonezi iliyogeuzwa juu ya kopo huhifadhi unyevu vilevile, na unaiinua kidogo kidogo miche inapopata nguvu.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa capensis huzaa kupita kiasi: New Zealand imeiweka miongoni mwa mimea isiyoruhusiwa kuuzwa wala kusambazwa, kwa sababu ilitoroka na kuvamia vinamasi. Maji ya kisahani na udongo wa zamani usivimwage bondeni wala kwenye mtaro unaoelekea kinamasini. Vikonyo usivyohitaji mbegu zake vikate kabla hazijakomaa.

“Kinamasini zimejaa, na ni dawa ya kifua: kachimbe”

Drosera imetumika kwa kikohozi tangu zamani, na biashara hiyo ipo hadi leo: Drosera madagascariensis huchumwa porini Madagaska, ikakaushwa na kupelekwa Ulaya kutengenezea dawa, kwa sababu ile ya Ulaya imelindwa. Mimea midogo kiasi hicho huhitajika kwa wingi mno ili kupata kilo moja. Mwenye kifua kisichopona na aende kituo cha afya apimwe, pengine ni kifua kikuu.

Na anayetaka kuchimba ili afuge tu, aangalie kwanza anachochimba. Nabugabo ilitengana na Ziwa Viktoria maelfu ya miaka iliyopita kwa ukingo wa mchanga, maji yake yakabaki na kalsiamu kidogo mno, na ndiyo maana sfagnamu na drosera zinaishi pale. Tangu 2004 ni eneo la Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu. Kwetu Rwanda kinamasi cha Rugezi, kilichoingizwa Ramsar mwaka 2005, kimeshatufundisha kwa gharama. Kinamasi kilipokaushwa na kulimwa, maziwa ya Burera na Ruhondo yalishuka, na umeme wa mtambo wa maji wa Ntaruka ukashuka nayo. Ilibidi kilimo kiondolewe ili maji yarudi. Mahali pa namna hiyo hapachimbwi kwa ajili ya mapambo. Mmea wa kinamasi ukihamishiwa barazani kwa mizizi iliyojeruhiwa mara nyingi hufa, ilhali jani moja la mmea uliofugwa lingekupa kumi.

“Ni kijimmea tu, nani atauliza pale barrière?”

Drosera haimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, tofauti na Nepenthes na mtego-nzi wa Marekani, Dionaea. Wengi husikia hivyo wakadhani ni ruhusa ya kuivusha mfukoni. CITES inahusu spishi zilizo hatarini. Afya ya mimea ni jambo jingine. Mmea, udongo na hata mbegu vinapovuka mpaka hutakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa Rwanda na RICA, mamlaka ya ukaguzi, na upande wa Kongo wakaguzi ni wa SQAV, idara ya karantini ya wanyama na mimea. Sababu yake inawahusu moja kwa moja akina mama wenye mabeseni ya viazi na vitunguu pale kwenye foleni. Konzi ya udongo wenye unyevu hubeba minyoo, ukungu na mayai ya wadudu, na mnyauko wa bakteria ukiingia shamba la viazi hautoki kwa msimu mmoja.

Anayetaka kuvusha kwa halali aoshe mizizi hadi isibaki na udongo, aifunge kwa karatasi iliyolowa, na aende kwa mkaguzi kabla ya kufika kwenye kizuizi. Rahisi kuliko hayo yote, aliye Goma amtafute mwenye drosera hukohuko Goma, na aliye Gisenyi amwombe jani jirani wa Gisenyi.